Ugonjwa wa Mdogo Wangu Ulikuwa na Jina Zuri

Kwanza niseme kwamba sijapona, ili asiyetaka habari za mtu ambaye bado anameza vidonge aishie hapa hapa. Nina kifafa tangu nikiwa na miaka kumi na nne. Sasa nimevuka arobaini, na mara ya mwisho kuanguka ilikuwa kabla ya mvua za mwaka juzi. Kwetu sisi wagonjwa hiyo ni neema kubwa. Naandika kwa ajili ya mwenye kifafa, na kwa ajili ya mwenye maumivu ya mshipa wa uso, na zaidi kwa ajili ya watu wawili wa nyumba moja wanaomeza dawa moja huku mmoja akimwonea mwenzake wivu mpaka anakosa usingizi. Huyo mwenye wivu nilikuwa mimi.

Mambo ya kitaalamu nitamwachia daktari. Mimi nitasimulia niliyoyaona nikiwa kwenye benchi.

Nyumbani kwetu ni Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Tunaishi mimi na mama, baba alifariki zamani. Watoto tulikuwa wawili tu, mimi Leokadia, ambaye mama huniita Leo, na mdogo wangu Adelina, ambaye wote tunamwita Ade. Ade aliolewa Sanje, ana watoto watatu na mume mpole anayelima ndizi na mpunga. Mimi sikuolewa. Alikuja fundi baiskeli mmoja wa Kibaoni kunichumbia, akakaa sebuleni, akanywa soda yake taratibu, akasifu hata mapazia. Wiki iliyofuata, aliposikia habari zangu, akatuma mtu aseme kwamba amepata safari. Namwona mpaka leo palepale Kibaoni akiziba pancha. Safari yake ilikuwa fupi sana.

Ugonjwa wangu nyumbani haukuwa na jina. Mama aliuita "ile hali". Mgeni akiuliza nasumbuliwa na nini, aliambiwa ni kichwa tu. Nikianguka, walio karibu walirudi nyuma. Wazazi wangu na ndugu zao walizaliwa upande wa Mahenge, wakakua wakiambiwa kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe umekipata. Kwa hiyo mtu huachwa pale alipoangukia mpaka povu likauke. Ndivyo nilivyoungua mkono wa kushoto. Niliangukia mafiga, na shangazi yangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko akisubiri. Hakuwa mtu mbaya. Waliokuwepo waliniambia kwamba alikuwa analia huku anasubiri.

Nilikuwa na sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu, na vilioshwa mwisho. Msimu wa mpunga, watu wanapohamia mashambani na kulala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, mimi niliachwa mjini kulinda nyumba, kwa sababu dungu ni refu na chini yake kuna maji au moto. Sikuwahi kuamia ndege wasile mpunga hata siku moja. Ade aliamia tangu akiwa darasa la tatu, na alirudi mjini sauti imekauka kwa kupiga kelele. Nilimwonea wivu hata kwa sauti ile iliyokauka. Lakini huo ulikuwa wivu mdogo, wa watoto. Wivu wenyewe ulikuja baadaye, tukiwa watu wazima.

Kwa miaka mingi nilimeza dawa ya zamani iliyonifanya nisinzie kila mahali, hata kanisani wakati wa kusimama. Kisha daktari akanibadilishia, akanipa kabamazepini. Majuma mawili ya mwanzo yalikuwa mabaya. Nyumba ilizunguka, niliona milango miwili mahali penye mmoja, nikawa naenda chooni nimeshika ukuta. Lakini nesi alikuwa ameniambia mapema. Alisema mwili unaizoea dawa, nivumilie, mambo yakizidi nirudi hospitali, na nisiache kumeza kwa uamuzi wangu mwenyewe. Juma la tatu kizunguzungu kikaisha. Nilikuwa macho, nilikuwa mtu. Mama alikuwa shambani siku zile na hakuyaona hayo majuma mawili, wala mimi sikumsimulia.

Kliniki yetu ni mara moja kwa mwezi, siku moja na watu wa sukari na wa presha. Benchi ni refu, limefuata ukuta wa korido. Watu wa sukari hukaa mbele na kuzungumza kwa sauti, nani amepanda, nani ameshuka, nani ameonekana jana anakunywa soda. Watu wa presha nao wana hadithi zao. Sisi wa kifafa hukaa mwisho, karibu na mlango wa stoo, na kila mmoja anatazama viatu vyake. Nimekaa benchi lile kwa miaka na kuna wagonjwa wenzangu ambao viatu vyao navijua vizuri kuliko nyuso zao.

Ade alianza kuumwa mwishoni mwa kiangazi, watu wakiwa bado wanasafisha mashamba. Alikuwa ananawa uso asubuhi, kitu kikampiga kwenye taya la kushoto kama umeme, akaangusha kopo la maji. Kikaondoka. Kesho yake kikarudi alipokuwa anapiga mswaki. Akadhani ni jino, wakaling'oa. Maumivu yakabaki. Wakang'oa la pili, nalo lilikuwa zima kabisa, na maumivu yakabaki vilevile. Alipoletwa kwetu alikuwa amekonda, amefunika shavu kwa khanga, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Upepo wa mtu kupita karibu naye ulimuumiza.

Hospitali wakamwambia ni mshipa wa fahamu wa uso. Mama alilishika jina lile kama cheti. Tukiwa bado getini alikuwa ameshampigia shangazi: mshipa wa uso. Jirani akauliza: mshipa wa uso. Ilipofika jioni mtaa mzima ulijua kwamba Adelina wa Sanje ana mshipa wa uso, na kesho yake watu wa jumuiya wakaja kusali. Walijaa sebuleni mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Kila aliyeingia alisema pole. Pole mama, pole mwanangu, pole sana, Mungu atakusaidia. Nilikuwa napeleka chai na nikajikuta nazihesabu zile pole. Katika miaka yangu yote ya kuanguka, jumuiya haikuwahi kusali kwetu kwa ajili yangu, maana wangesali kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kichwa?

Mama alimpikia uji, akauchuja, akauchuja tena, kisha akaketi kando yake akaupuliza kijiko kwa kijiko. Mama yule hakuwa mtu wa kupuliza. Sikumbuki kama aliwahi kunipulizia mimi kitu chochote.

Ade alikataa kulala chumba cha mama. Alisema anataka kulala na Dada, kama zamani. Niliona mama anatafuta la kusema akalikosa. Basi tukalala kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta, asigeukie shavu bovu.

Lililonimaliza ni dirisha la dawa. Siku Ade alipoandikiwa dawa ilikuwa pia siku yangu ya kliniki, kwa hiyo tulisimama dirishani watatu, mimi, yeye na mama katikati. Yule mtoa dawa akaweka pakiti mbili juu ya ubao. Ade akazitazama.

"Mbona hizi ni za Dada?"

Mtoa dawa akasema ndiyo, dawa ni moja, inatuliza kifafa na inatuliza mshipa pia, ila kila mmoja ameandikiwa kiasi chake na tusichangie. Alisema kwa sauti ya kawaida, na neno lile kifafa likasikika mpaka kwa watu wa sukari. Mama akazikusanya pakiti haraka, akazitia kwenye mkoba, akaangalia nyuma.

Nyumbani akazitenganisha. Za Ade akaziweka ndani ya kabati la vioo, pamoja na vikombe vya harusi. Za kwangu zikarudi jikoni kwenye kopo la majani ya chai zilikokuwa siku zote. Wageni wakiuliza, za Ade zilikuwa dawa za mishipa. Za kwangu hazikuulizwa. Kidonge ni kilekile, cheupe, kina mstari katikati. Kikiwa kwenye kiganja cha Ade kilikuwa kitu cha heshima, na kikiwa kwenye kiganja changu kilikuwa kitu cha kumezwa nimegeukia ukuta.

Nitasema jambo ambalo si la kujivunia. Nilitamani ugonjwa wangu uume. Mtu anayeanguka hasikii maumivu wakati ule. Anaamka ulimi umeumwa na khanga imelowa, na nyuso zilizomzunguka zina hofu. Watu hawamhurumii mtu aliyewaogopesha. Ade yeye alikuwa na machozi, alikuwa na shavu la kushika. Nilikuwa namtazama analia na moyoni nasema, afadhali wewe.

Dawa ikaanza kumfaa. Siku ya nne alitafuna wali laini, mama akapiga kigelegele kidogo cha kujizuia. Siku ya sita Ade alitoka kwenda chooni, akayumba, akashika nguzo ya kibaraza.

"Naona mko wawili," akaniambia.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini. Akamtazama Ade, akanitazama mimi, akamtazama tena Ade aliyekuwa bado ameikumbatia nguzo. Nilijua anachofikiri kabla hajafungua mdomo. Alifikiri kitanda. Alifikiri vile vidonge vya watu wa kifafa alivyompa mwanaye kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hesabu za mama, anayeanguka ndiye anayemeza dawa zile, na sasa aliyeanza kuzimeza ameanza kuanguka.

"Leo," akaniuliza, "wewe ulipoanza, ulianza hivi?"

Alikuwa ananiuliza kwa dhati. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa najua. Nilijua kwamba kifafa changu hakikuanza hivyo hata kidogo, kilinipiga siku moja tu nikitoka shule. Nilijua kwamba kuona watu wawili ni dawa, kwamba hudumu siku kadhaa na huondoka, kwamba nesi alinieleza neno kwa neno. Ningesema hayo na ungo ungerudi mapajani pake.

"Sikumbuki, mama," nikasema.

Mama hakupoteza muda. Dawa zikatoka kwenye kabati la vioo na sikuziona tena. Ade akahamishiwa mkeka chumba cha mama, peke yake, mama akalala sebuleni. Watu wa jumuiya wakaambiwa mgonjwa anapumzika, wasije kwanza. Na chakula cha mchana kilipopakuliwa, Ade akapewa sahani yake mwenyewe, ya plastiki ya kijani, na kikombe chake. Aliitazama ile sahani, akanitazama.

Nilikula vizuri sana siku ile. Sitaki kuficha. Nilikula mpaka ukoko. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mimi na Ade tulikuwa sawa, kila mmoja na sahani yake, na hakuna aliyekuja kusema pole kwa yeyote.

Siku mbili maumivu hayakurudi, mama akasema mnaona, kumbe hata hazikuwa na kazi. Siku ya tatu yakarudi, na yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Ade aliacha kula, kisha akaacha kumeza hata mate, akawa anayaacha yadondoke kwenye kitambaa. Mvua za kwanza zilikuwa zinakuja, na kabla ya mvua huja upepo. Aliusikia kwenye mabati akafunika uso mapema. Hakuchana nywele. Hakunawa uso. Mama alizunguka nyumba akishika hiki akiacha kile, akasema kesho tutampeleka kwa mtu fulani wa ng'ambo ya mto anayetoa vitu mwilini kwa dawa za kienyeji. Mimi niliosha vyombo, nikafagia, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba yeye kaumwa kwa majuma na mimi kwa miaka ishirini na sita, hata akiongeza kidogo bado hajanifikia.

Siku ya tano mchana mumewe alipiga simu, akampa mtoto wao mkubwa, Nuru. Mama akamwekea Ade simu kwenye sikio zuri. Nuru alikuwa anasema kwa sauti na nilimsikia nikiwa mlangoni. Mama? Mama, upo? Leo bibi katupikia ndizi. Mama? Ade alifungua mdomo, taya likampiga, akafumba. Akajaribu tena. Kisha akaanza kuigonga simu kwa ukucha, taratibu, ili mtoto ajue kuna mtu. Nuru akanyamaza kidogo, halafu akaendelea na habari zake za shule, na Ade akawa anagonga kila mtoto alipopumua.

Sikuweza kusimama pale. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye kinu kilicholazwa. Mama alinikuta huko alipokuja kuchuma matembele.

Nikamwambia yote bila kupamba. Kwamba kile kizunguzungu nilikuwa nacho na mimi nilipobadilishiwa dawa. Kwamba nesi alinionya na kiliondoka chenyewe. Kwamba aliponiuliza siku ile nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa.

Mama alikaa na yale matembele mkononi. Nilidhani atanipiga, mimi mtu mzima, na ningekubali.

"Kwa nini, Leo?"

"Kwa sababu ulikuwa unampulizia uji."

Aliingia ndani, akatoka amejifunga khanga ya safari, akaita bajaji. Tulimweka Ade katikati yetu, mimi nikazuia upepo kwa mwili wangu upande wa shavu.

Hospitali daktari alikasirika, lakini kwa upole wa watu waliokasirika mara nyingi. Akatuambia dawa hizi haziachwi ghafla, si kwa mwenye mshipa wala kwa mwenye kifafa, na kwamba angeanza naye upya kwa kiasi kidogo na kupanda polepole. Tukirudi nyumbani tukiona vipele mwilini, au homa, turudi haraka siku hiyohiyo, lakini kuyumba kidogo siku za mwanzo kusitutishe. Wewe unayesoma, ukiandikiwa dawa hizi, uliza hapohapo itanifanya nini juma la kwanza. Na ukishajua, mwambie aliye nyumbani, maana yeye ndiye atakayekuona unayumba.

Tukakaa kwenye benchi kusubiri dirisha la dawa. Nesi mmoja akapita, yule aliyenieleza zamani, na mama akamshika nguo. Akamuuliza, kwa sauti ndogo sana, kuhusu lile povu. Nesi akasema povu ni mate tu, mama, kama ya kwako na ya kwangu, mtu akianguka mlaze ubavu, umwondolee vya kumuumiza, ukae naye. Akaenda zake, alikuwa na kazi. Mama akachukua mkono wangu wa kushoto, wenye kovu, akauweka mapajani pake na hakuuachia mpaka tulipoitwa. Alikuwa anatazama mbele. Watu wa sukari walikuwa wanatutazama, na mimi kwa mara ya kwanza sikutazama viatu.

Kwa Ade ilinichukua muda zaidi kusema. Nilingoja mpaka alipoweza kula tena, karibu na Noeli, na nilimwambia tukiwa tunaanika nguo. Alisikiliza mpaka mwisho huku anabana vibanio.

"Wewe ulinyamaza siku tano, Dada," akasema. "Mimi nimekula mezani kwetu miaka yote ile nikikuona na sahani yako pembeni. Sikuwahi kusema neno."

Kisha akainama kuchukua shuka jingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kumbe hata kwenye kukosa alikuwa amenizidi, na hilo nalo lilinichoma kidogo.

Alikaa kwetu mpaka watu walipomaliza kupandikiza. Kizunguzungu kilirudi dawa ilipopandishwa, na safari hii nilikuwa na kazi. Nilimfundisha niliyojifundisha mwenyewe: akae kitandani kwanza kabla ya kusimama, afumbe jicho moja anapotoka mlangoni ili mlango ubaki mmoja, ameze baada ya kula, asiende kisimani peke yake siku hizo. Mama alitusikiliza. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba Leo ndiye anayezijua dawa hizi, muulizeni yeye. Nilikuwa nakatakata mchicha, nikakata polepole ili nisikie zaidi.

Sitasema kwamba mama alibadilika kabisa. Sahani sasa zote zimewekwa pamoja kwenye kabati na tunachukua yoyote. Lakini nikimtazama anapoosha vyombo, niliyoila mimi bado inakuwa ya mwisho. Nadhani mikono yake inafanya yenyewe. Na mimi bado nasikia wivu Ade akipiga simu na mama akikimbia kuipokea. Tumekubaliana kuishi hivyo.

Mavuno yalipokwisha, nilikwenda Sanje kumwona Ade, peke yangu, bila mtu wa kunisindikiza. Mama aliniruhusu baada ya kunipa maelekezo marefu kuliko njia yenyewe. Ade alikuwa amenenepa, shavu lake limetulia, mara mojamoja tu anasita akinawa. Nilikuta dawa zake dirishani. Lakini kwa wakweze alikuwa amesema ni za mishipa, na mimi sikumlaumu. Mtu aliyeolewa ana vingi vya kupoteza. Fundi baiskeli wa Kibaoni alinifundisha hilo.

Mchana tulikaa kibarazani tukimenya ndizi mbichi, mimi, Ade na mama mkwe wake, mwanamke mnene mwenye maneno machache na kisu kikali. Nuru akaletea mama yake maji na pakiti ya dawa, kama alivyozoea. Mama mkwe akauliza, hivi hizi dawa zenyewe ni za nini hasa, mbona haziishi. Aliuliza kwa kuuliza tu. Ade akameza, akashusha kikombe.

"Ni hizihizi anazomeza Dada," akasema.

Mama mkwe akanigeukia. "Kumbe na wewe una mshipa wa uso?"

Lile jina zuri lilikuwa limewekwa mbele yangu, sikuhitaji hata kuliomba. Ningelipokea, ningeshika shavu kidogo, na Sanje nzima ingekuwa upande wangu. Nilimwona Ade ameacha kumenya. Nadhani angeniachia nilichukue. Nimelitamani lile jina kuliko nilivyowahi kutamani mume.

"Hapana, mama," nikasema. "Mimi nina kifafa."

Kisu chake kikasimama. Utomvu wa ndizi ulikuwa umeninata vidoleni na sikujua niweke wapi mikono. Sikuwahi kulisema neno lile kwa kinywa changu mbele ya mtu ambaye si daktari. Yule mama alinitazama usoni kwa muda, kisha akaitazama ile pakiti.

"Unameza vingapi?"

"Viwili asubuhi, viwili jioni."

"Na huyu?"

"Kimoja kimoja."

Akafikiri. Akachukua ndizi nyingine kutoka kwenye beseni lililokuwa kati yetu.

"Basi wewe unaumwa kuliko huyu," akasema. "Pole sana, mwanangu."

Ade alinitupia jicho la pembeni. Nilifurahi, na sitaki kudanganya mtu: nilifurahi sana.